Nguvu 82, Ubora 0

Miaka ile ya kuzimwa mitambo ya zamani ya televisheni, 2012 na 2013, lilizuka tusi jipya mjini. Mtu akichelewa kuelewa jambo, akivaa suruali ya mtindo wa zamani, akipiga simu badala ya kutuma meseji, aliambiwa: "Wewe bado uko analojia." Majirani zetu Wakenya walilifikisha hadi kwenye kampeni za uchaguzi wa 2013, kambi moja ikajiita ya dijitali na kuwabatiza wapinzani wao analojia. Tusi hilo bado nalisikia. Juzi tu kijana mmoja kwenye daladala alimrushia konda aliyekuwa anahesabu chenji kwa vidole.

Basi leo nataka kuitetea analojia kidogo, halafu niisifu dijitali kwa jambo ambalo wanaoisifu huwa hawalitaji kabisa. Wadau mnivumilie, kuna hesabu kidogo mbele. Msikimbie, ni hesabu za daftari la kahawa.

Nilikuwa Isansa. Kwa wasiopafahamu, Isansa ni kata katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya. Ukifuata barabara kuu ya Zambia unapita Mbeya mjini, unapita Mlowo, unafika Vwawa yalipo makao makuu ya mkoa, na ukizidi kwenda unafika Tunduma ambapo nchi inaishia. Huku ni kwa Wanyiha, nchi ya kahawa, mahindi na maharage, na asubuhi zake zina baridi ambayo watu wa Dar hamuijui. Nilikwenda kwa shughuli za kifamilia, nikafikia kwa mjomba.

Mjomba ana televisheni, ana sola, ana king'amuzi na antena ya nje juu ya mti mrefu alioukata mwenyewe. Nilipofika kioo kilikuwa cheusi na maneno meupe katikati yakisema hakuna mawimbi. Akabonyeza rimoti, ikatokea ile kurasa yenye mistari miwili ambayo kila mwenye king'amuzi anaijua. Mstari wa juu, nguvu ya mawimbi: 82. Mstari wa chini, ubora wa mawimbi: 0.

"Sasa wewe msomi," mjomba akaniambia, "nieleze. Nguvu themanini na mbili kwa mia, hata darasani hiyo ni alama A. Picha iko wapi?"

Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kusikia kwenye mikutano na waandishi wa habari. Mimi sikulijibu. Alilijibu fundi, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza redio na kuchaji simu, aliyepanda juu ya ile nguzo, akachomoa kile kiboksi cha kukuza mawimbi ambacho mjomba alikinunua kwa hela nyingi, akakata sentimita chache za waya ulioliwa na kutu, akaunga upya. Akashuka. Nguvu ikashuka mpaka 58. Ubora ukapanda mpaka 64. Mtangazaji akatokea, nywele zinahesabika.

"Umepunguza nguvu halafu picha imekuja?" mjomba akauliza.

"Shikamoo mzee wangu," fundi akacheka, "kelele nazo zina nguvu."

Mstari wa juu unapima nguvu yoyote inayoingia kwenye masafa yale: matangazo, mngurumo wa anga, uchafu wa injini ya pikipiki inayopita, na ujinga wa kiboksi cha kukuzia chenyewe. Mstari wa chini unauliza swali jingine: katika hayo yote yaliyoingia, je, nimeelewa? Na king'amuzi, kabla hakijaelewa chochote, kina kazi moja ngumu ambayo mtazamaji haioni. Lazima kijue neno linaanzia wapi.

Hebu fikiria mtu amekupa karatasi yenye sifuri na moja milioni ishirini zimefuatana bila nafasi wala nukta. Ukianza kusoma nafasi moja pembeni, kila kitu kinakuwa upuuzi, ingawa hakuna hata tarakimu moja iliyokosewa. Mnara na king'amuzi kila kimoja kina saa yake ndani, na saa ya king'amuzi cha bei nafuu haiwezi kuwa sawa na ya mnara. Inakimbia kidogo au inachelewa kidogo. Kazi ya kwanza ni kuzilinganisha, waende hatua moja kama gwaride.

Zinalinganishwaje? Kwa salamu! Sifanyi utani. Fikiria jinsi tunavyoanza maongezi ya simu huku kwetu. Shikamoo. Marahaba, hujambo? Sijambo. Za huko? Nzuri. Watoto? Wazima. Mzungu akikusikiliza anadhani unapoteza salio. Lakini kila mmoja anajua mwenzake atasema nini, kwa hiyo sikio halitafuti maana, linatafuta sauti: huyu ni nani leo, anaongea haraka au polepole, laini inakwaruza kiasi gani. Habari yenyewe ikija, sikio limeshakaa sawa.

Mtambo hufanya vivyo hivyo. Matangazo ya televisheni ya dijitali husafiri kwa vifurushi vya baiti 188, na kila kifurushi huanza na baiti ile ile, namba 71. Kila kifurushi, mchana na usiku, 71. Haina habari yoyote. King'amuzi kikikutana na 71 kinashuku kuwa huenda ni mwanzo, kinahesabu 188 mbele, kikikuta 71 tena kinashuku zaidi, kikikuta nyingine kinasema naam, nimeshika. Mafundi wetu wanasema "imeloki". Chini zaidi, kwenye mawimbi yenyewe, mnara hutawanya ishara nyingine ambazo king'amuzi kinazijua kabla hazijafika, na kwa kuangalia zimeharibika vipi njiani kinakadiria njia yenyewe imeharibu nini, kisha kinanyoosha na zile zisizojulikana.

Simu nazo zina salamu yake, ila imewekwa katikati. Kwenye mfumo wa GSM, ule wa simu za tochi zilizojaa Isansa, watu wanane hugawana mawimbi yale yale kwa zamu, kila mmoja akipewa kipande cha muda kisichofika hata elfu moja ya sekunde. Katikati ya kila kipande kuna biti 26 ambazo pande zote mbili zinazijua. Na kwa kuwa zamu ni fupi hivyo, mtu aliye mbali lazima awahi kuanza kusema ili sauti yake ifike kwenye mnara kwa wakati. Mnara ndio humwagiza awahi kiasi gani, na agizo hilo lina kikomo. Kwa kawaida linaishia kama kilomita 35. Zaidi ya hapo unaweza kuwa juu ya kilima, hewa safi, mnara unauona kwa macho, na simu isipigike. Tatizo hapo ni zamu, wala si nguvu.

(Nikiwa kwenye habari za saa: nendeni Tunduma mkaone vituko. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe ikidaka mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, inarudi nyuma saa nzima bila kukuaga, ikidaka wa Tunduma inaruka mbele. Mtu anaweza kunywa chai saa mbili, akamaliza saa moja na robo. Wenyeji wengi wameshazima hiyo huduma na wanapanga saa zao kwa mkono. Ukisafiri na basi la alfajiri kutoka pale, fanya hivyo hivyo.)

Turudi Mbozi. Nchi ya vilima ina mwangwi, na mawimbi nayo yana mwangwi. Wale wenye umri wa kutosha mnakumbuka televisheni za zamani: mtangazaji anasoma habari na kando yake kuna kivuli chake kinasoma habari hizo hizo. Ule ulikuwa mwangwi kutoka mlimani au kwenye jengo, umechelewa kidogo. Kwa dijitali mwangwi ungekuwa balaa zaidi, kwani neno lililochelewa lingempanda mgongoni neno linalofuata. Dawa waliyoipata ni ya kijijini kabisa: kusubiri. Kabla ya kila alama mnara huweka kipande cha ziada, nakala ya mkia wa alama ile ile, ili mwangwi wote uishie humo. Katika DVB-T ya kizazi cha kwanza, kwenye mpangilio wenye subira ndefu kuliko yote, kipande hicho huchukua maikrosekunde 224. Kwa mwendo wa mwanga hiyo ni kama kilomita 67. Mwangwi uliozunguka kilomita 60 zaidi ya njia iliyonyooka haumdhuru mtu. Na ile nakala ya mkia ina kazi ya pili: king'amuzi kikisikia kipande halafu muda mfupi baadaye kikasikia kile kile tena, kimejua alama inaanzia wapi. Kitu kimoja, kazi mbili. Mimi hapa huwa navua kofia.

Sasa hesabu niliyowaahidi. Hata baada ya salamu na subira, biti nyingine zinafika zimeharibika. Sifuri imekuwa moja. King'amuzi hakiwezi kumpigia mnara simu na kusema "samahani, rudia". Matangazo ni ya njia moja. Kinatakiwa kigundue kosa na kulisahihisha chenyewe, kikiwa peke yake juani Isansa.

Fikiria daftari la kupokelea kahawa la chama cha msingi, AMCOS. Wakulima watatu, siku tatu. Wa kwanza ameleta kilo 14, 20 na 11. Wa pili 9, 16 na 30. Wa tatu 22, 8 na 17. Karani mwangalifu anajumlisha kila mstari kwa ubavu: 45, 55, 47. Kisha anajumlisha kila siku kwa chini: 45, 44, 58. Jumla hizi sita hazileti kahawa hata punje moja ghalani. Ni wino wa ziada.

Daftari likanyeshewa mvua, likanakiliwa na mtu mwenye usingizi, na ile 20 ya mkulima wa kwanza ikawa 26. Unakagua. Mstari wa kwanza unatoa 51, pembeni imeandikwa 45. Imezidi 6. Mistari mingine iko sawa. Siku ya pili inatoa 50, chini imeandikwa 44. Imezidi 6. Siku nyingine ziko sawa. Mstari wa kwanza na siku ya pili vinakutana kwenye chumba kimoja tu, na unajua hata kilichozidi ni ngapi. Umeirudisha 20 bila kumuuliza mtu yeyote, hata kama mkulima mwenyewe yuko Tunduma kwa dada yake.

Hicho ndicho king'amuzi kinafanya. Aliyekianzisha kwa mpango kamili ni Richard Hamming, Mmarekani wa maabara za Bell, aliyechapisha kazi yake mwaka 1950. Alikuwa akiiachia mashine kazi wikiendi, mashine ikigundua kosa inatupa kazi yote na kuanza ya mtu mwingine, na Jumatatu anakuta patupu. Akaudhika, na akaanza kujiuliza: kama mashine inaweza kujua kuwa kuna kosa, kwa nini isijue na mahali lilipo? Akachukua biti nne za habari, akaongeza tatu za ukaguzi, na biti yoyote moja kati ya hizo saba ikiharibika, mashine inaijua. Miaka miwili kabla yake, Claude Shannon wa maabara hizo hizo alikuwa ameshathibitisha kwa hesabu tupu kwamba hata njia yenye kelele inaweza kupitisha habari kwa makosa machache kadiri unavyotaka, ili mradi usiisukume kupita kiwango chake. Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon wakatoa msimbo unaosahihisha kwa makundi. Vile vifurushi vyetu vya baiti 188, katika DVB-T ya kwanza, huongezewa baiti 16 kwa njia yao, na baiti zozote nane zikiharibika, popote ndani ya kifurushi, zinarudishwa zilivyokuwa.

Kiswahili chenyewe kimejaa biti za namna hii. "Vitabu vyangu vile viwili vimepotea." Hesabu hizo "vi" na "vy". Mwalimu wa sarufi anaita upatanisho wa ngeli na wanafunzi wanauchukia, lakini jaribu kuisema sentensi hiyo kwenye simu inayokatika: "...tabu vyangu ...le viwi... vimepotea." Umeelewa kuwa ni vitu, ni zaidi ya kimoja, ni vya anayeongea, na kinachokosekana mbele ya "tabu" ni "vi". Lugha zisizo na ngeli ni fupi, ila kwenye laini mbovu mimi nachukua ya kwetu.

Kuna ujanja mwingine lazima niutaje. Kelele huja kwa mafungu. Pikipiki ikipita inaharibu biti mia zilizofuatana, siyo moja hapa na moja kule. Sasa chukua maneno manne yenye herufi sita sita: KAHAWA, KITABU, BARIDI, MUHOGO. Ukiyatuma moja baada ya jingine, fungu la kelele likala la pili, KITABU kimekwenda chote na hakuna wa kukirudisha. Badala yake tuma kwanza herufi za kwanza za yote, halafu za pili, halafu za tatu. Kelele ikila fungu la tatu, unabaki na KA-AWA, KI-ABU, BA-IDI, MU-OGO. Mtoto wa darasa la nne anayarudisha yote. Changanya kabla ya kutuma, panga ukishapokea, na pigo moja kubwa linakuwa mikwaruzo mingi midogo.

Ving'amuzi vipya zaidi, vilivyoandikwa DVB-T2, vinatumia msimbo wa Robert Gallager, ambao historia yake inafurahisha. Aliuandika kwenye tasnifu yake pale MIT mwaka 1960, lakini kompyuta za wakati huo hazikuwa na ubavu wa kuutumia, ukakaa kabatini miaka kama thelathini mpaka David MacKay na Radford Neal walipoufufua katikati ya miaka ya 1990. Unafanya kazi kama baraza la kijiji. Biti 64,800 kwa mkupuo, kila moja ina dhana yake kuhusu nafsi yake, "nadhani mimi ni moja lakini sina hakika", na kila ukaguzi mdogo unaziuliza biti chache zilizo chini yake, unazirudishia maoni, zinabadilisha dhana, zinaulizwa tena, raundi baada ya raundi, hadi wote wakubaliane. Msimbo huu unakaribia sana kile kiwango cha Shannon. Na hapo ndipo shida ya Isansa inapoanzia, kwa sababu kadiri msimbo unavyokuwa hodari, ndivyo unavyoanguka ghafla.

Jioni ile ile upepo ulianza kuyumbisha mikaratusi iliyoko upande wa mnara. Ubora ulikuwa 64, ukawa 50, ukawa 41. Picha haikuonyesha dalili yoyote. Nywele za mtangazaji bado zinahesabika. Kisha ikaganda mdomo ukiwa wazi, ikavunjika vipande vya rangi kama vigae, sauti ikalia kama jogoo aliyekabwa, giza. Saa mbili na dakika saba usiku, katikati ya taarifa ya habari. Kati ya picha safi na giza, kwa misimbo hii mipya, tofauti ni kama desibeli moja hivi, yaani kupungua kwa sehemu moja ya tano tu ya nguvu. Wanaoishi karibu na mnara hawatakaa waifikie hiyo kingo. Wanaoishi mbali wanakaa juu yake kila siku, na kila upepo unawasukuma.

Analojia haikuwa hivyo. Analojia ilikuwa na chenga. Ukiwa mbali picha inachakaa taratibu, rangi zinakwenda, chenga zinaingia, lakini sauti bado unaidaka, na unajua kuwa mtu anaongea. Kosa lilikuwa linaonekana, na kazi ya kulisahihisha ilikuwa ya kwako wewe mwenye masikio.

Mtu hodari kwa kazi hiyo alikuwa bibi, mama yake mjomba. Enzi za Radio Tanzania kulikuwa na matangazo ya vifo, na nyumba nzima ilikuwa inanyamaza. Redio ya betri, betri zenyewe zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate pumzi ya mwisho, na mawimbi yanakuja na kuondoka kama pumzi ya mgonjwa. Usiku mmoja mwaka 1998 bibi alisikia tangazo limezama kwenye mkwaruzo, likaibuka kwenye "...wa Isansa, Mbozi", likazama tena. Jina la marehemu halikusikika kabisa. Lakini mnakumbuka matangazo yale yalivyokuwa: fulani wa Makambako anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani wa Mbeya, fulani wa Tunduma, fulani wa Isansa, na ndugu wote popote walipo. Halafu linarudiwa. Katika kurudiwa bibi alidaka "Makambako" na akadaka jina la shemeji yake wa Tunduma. Watu wanaojulikana Makambako, Tunduma na Isansa kwa pamoja, duniani alikuwepo mmoja tu: kaka yake. Mstari na safu vimekutana. Hakusubiri tangazo la asubuhi. Alifunga kanga, akatembea usiku na binamu zangu wawili mpaka barabara kuu, akapata lori, na kaka yake alizikwa yeye akiwepo.

Kwa dijitali ile redio ingenyamaza tu. Mkwaruzo wa kiasi kile uko ng'ambo ya kingo, na king'amuzi kikizidiwa makosa hakikupi nusu ya jina.

Msinielewe vibaya, sisemi turudi. Masafa yaliyokuwa yanabeba chaneli moja ya zamani sasa yanabeba chaneli nyingi, picha ni safi, na mwaka 2012 Tanzania ilipozima mitambo ya Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba ilikuwa mbele ya nchi nyingi za Afrika. Mbeya ilizimwa mwaka 2013. Makubaliano ya kimataifa yalikuwa yameweka mwisho Juni 2015, kwa hiyo tuliwahi. Ila mjadala niliousikia miaka hiyo ulikuwa bei ya king'amuzi na malipo ya mwezi. Kuna namba nyingine ambayo sikuwahi kuiona gazetini, nayo ndiyo inayoamua nani anaona na nani haoni.

Namba hiyo ni ile ya wino wa ziada wa karani. Mwenye mnara anachagua. Anaweza kufanya nusu ya biti ziwe habari na nusu ziwe za ukaguzi, picha ikafika mbali na kuvumilia mikaratusi. Au anaweza kufanya tano katika kila sita ziwe habari, akapata nafasi ya chaneli zaidi za kuuza, na mduara wa mnara wake ukasinyaa. Mnara ni ule ule, umeme ni ule ule, antena ya mjomba ni ile ile. Mtu ofisini anabadilisha mpangilio kwenye kompyuta, na kata nzima inatoka upande mmoja wa kingo kwenda upande wa pili. Mwenye nyumba ataona ubora 0 na kumwita fundi, na fundi atapanda juu ya mti bure.

Na redio, jamani. Redio za FM tunazosikiliza bado ni za analojia, na kila baada ya muda anatokea mtaalamu kwenye semina anayesema nazo tuzihamishe. Ziachwe. Kwa mtu wa Isansa mwenye betri mbili zilizoanikwa juani, chenga za sauti ni huduma.

Nimeandika barua kwa kampuni moja yenye mitambo ya kurushia inayohudumia upande wetu, maswali matatu tu. Kwanza, kati ya kila biti sita mnazorusha, ngapi ni za ukaguzi, na zilikuwa ngapi mlipoanza? Pili, subira ya mwangwi mliyoweka ni maikrosekunde ngapi, na je, mliipima kwa vilima vya Mbozi au mliikuta kwenye kitabu cha mtambo? Tatu, ramani yenu ya maeneo yanayofikiwa imechorwa kwa mstari upi wa king'amuzi, ule wa juu au ule wa chini?

Barua imepokewa Jumatatu, nakala yenye mhuri ninayo. Wakijibu nitayaweka majibu hapa hapa, na namba zikiwa kama walivyozitoa.